Ikifa mkononi mwa nani?

Fundi alijisukuma kutoka chini ya lori, kalala chali juu ya boksi la friji lililokunjuliwa, akakaa kitako, akajifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe, akamwangalia ami yangu akasema, "Sheikh, mie hii siifungui."

Si kwamba hajui kazi. Huyu bwana injini ya Fuso anaishusha na kuipandisha yeye na kijana wake tu, na madereva wa malori hapa mjini Unguja ukiwauliza wengi watakwambia nenda Daraja Bovu kwa fulani. Na tulichompelekea hakikuwa kitu cha kutisha. Kumwaga oili ya giaboksi, kubadilisha filta, kutia oili mpya, tuondoke zetu. Ingekuwa oili ya injini angeifanya huku anaongea na simu.

Ila giaboksi yetu ni oto, ile inayojibadilishia gia yenyewe.

"Kwani umeona ina tabu gani?" ami akamuuliza.

"Haina tabu. Ndo mana siifungui."

Tukacheka, ami akalipa chai ya watu wote, tukaondoka. Lakini lile jibu likanikaa. Wiki zikapita na mie bado nalitafuna, kwenye daladala, kitandani, mana kila nikiligeuza naona lina akili ndani yake na lina wazimu ndani yake, na nilikuwa sijui kipi kimezidi.

## Si kila lori lisilo na klachi ni oto

Wacha nianze hapa, mana watu wengi wanapachanganya na ukipotea hapa mengine yote yatakupotea.

Malori ya mitumba ya Japani mengi siku hizi yanashuka hayana pedeli ya klachi, na sisi sote tunayaita oto. Isuzu ana mfumo wake anauita Smoother, Fuso alikuwa na wake ukiitwa INOMAT. Ile ndani ni giaboksi ya manyuwali kabisa, meno kwa meno, ila kazi ya kukanyaga klachi na kusukuma gia inafanywa na kompyuta badala ya mguu na mkono wako. Oili yake nyengine na huduma yake nyengine.

Yetu ni oto kweli. Ni Isuzu Forward ya mtumba, boza la maji, tunapeleka Paje na Jambiani na mara moja moja Michamvi, na tabu ya maji ya upande ule kila mtu anaijua sina haja ya kuhadithia. Gari ni ya Kijapani lakini giaboksi ni Allison, kitu cha Marekani, ina kibati chake ubavuni na ukikisugua kwa petroli kidogo unasoma aina na namba. Ukitaka kujua una nini chini ya gari yako kasome kibati, usimuulize aliyekuuzia.

Kwenye oto ya kweli baina ya injini na giaboksi kuna konveta, dude la mviringo lililojaa oili. Injini inazungusha upande mmoja, ile oili inarushwa upande wa pili, na upande wa pili nao unazunguka. Kwa hiyo ukiwa mwendo mdogo, nguvu yote ya kulivuta boza lililojaa maji inapita kwenye oili. Halafu oili hiyo hiyo inasukumwa kwa presha kwenda kubana sahani za klachi zilizomo ndani ili gia ibadilike, hiyo hiyo inalainisha meno, hiyo hiyo inabeba joto kulipeleka kwenye kipozeo. Kwenye manyuwali oili inalainisha tu. Huku ikichoka oili kila kitu kinachoka nayo.

Na inachoka kwa joto. Dereva wetu anaingia kinyumenyume kwenye vichochoro vya mchanga vya hoteli, gari limejaa, tairi zinazama, anakanyaga mafuta, gari halitaki, anakanyaga tena. Pale konveta inateleza muda wote na ile nguvu isiyotembeza gari inageuka joto. Joto lote linakwenda kwenye oili. Kwenye jua la kaskazi, upepo wenyewe moto.

## Hadithi zote zina umbo moja

Nikaanza kuuliza watu. Barazani, kwenye gereji nyengine, kwa madereva bandarini Malindi, kwa shemeji yangu aliyeko Chake, Pemba. Ukiitaja oto tu na kubadilisha haidroliki (wengi ndivyo tunavyoiita hii oili nyekundu) unaona watu wanakunja uso. Yakhe, usiiguse. Ukiigusa inakufa. Kila mmoja anae mtu wake iliyemkuta, mwengine Noah, mwengine Coaster, mwengine lori la kokoto, na hadithi haibadiliki. Gari ilikuwa inakwenda vizuri, wakabadilisha oili, wiki haijesha giaboksi chini.

Mwanzo ziliniogopesha. Watu wote hawa hawawezi kuwa waongo.

Halafu nikawa na swali moja dogo naliuliza kila hadithi ikimalizika. Nini kiliwapeleka kubadilisha?

Hapo ndo hadithi inaanza kuvuja. "Aah, ilikuwa ishaanza kuteleza kidogo." "Ilikuwa ikipiga teke ikiingia ya pili." "Ilikuwa ikipata moto haitaki kurudi nyuma." Kumbe hapana hata mmoja aliyebadilisha oili giaboksi ikiwa bado nzima, haijaugua. Hapana mtu anayefanya hivyo. Tunaingoja mpaka iugue, tukishaona imeugua ndo tunakumbuka oili, tunabadilisha, inakufa, tunasema imeuliwa na oili. Ni kama wazee wetu waliokuwa wakiogopa hospitali kuu kwa kuwa kila waliyemuona akipelekwa alirudi kwenye jeneza, na wao walikuwa wakimpeleka mtu akishakata kauli.

Nilipofika hapo nikajiona mjanja sana, nikasema nshalimaliza.

## Lakini fundi hakusema uongo

Sikuwa nimelimaliza, mana nilivyozidi kusoma na kuuliza nikakuta woga wa mafundi una mizizi.

Zile sahani za klachi zina ngozi ya kukamatia juu yake, na ngozi inakwisha kidogo kidogo kila gia inapobadilika. Ule unga unabaki kwenye oili. Giaboksi ambayo ngozi zake zimekwisha inaweza ikawa inajikongoja na oili yake nzito chafu, ukaja wewe ukatia oili mpya nyepesi yenye dawa zake za kusafisha, na mtelezo uliokuwa unajificha ukajitokeza hapo hapo. Oili mpya haikuiua. Ila imeitoa kwenye kujifanya nzima, na kwa mwenye gari kuna tofauti gani? Jana ilitembea, leo haitembei.

Tena kuna wale wa mashine za kusafishia kwa presha, wanaiunganisha kwenye mipira ya kipozeo wanasukuma oili kwa nguvu. Kwenye giaboksi yenye uchafu wa miaka huko ni kutafuta balaa, takataka iliyotulia pembeni inaweza kuondoka kwenda kuziba tundu dogo la valvu. Na kuna oili isiyo yake, na kuna oili iliyozidi, mana ikizidi ile meno yanaipiga inatoa povu, na povu halibani klachi.

Kwa hiyo fundi ameona mambo ya kweli. Tatizo langu na yeye likabaki moja. Alisema haina tabu ndo mana haifungui. Sasa ikiwa nzima haifungui na ikiwa mbovu pia haifungui, inafunguliwa lini?

Haifunguliwi. Inangojwa.

Na hapa ndo nikaanza kuelewa kwamba fundi hakuwa anajibu swali la giaboksi. Alikuwa anajibu swali jengine. Giaboksi ikifa yenyewe njiani pale Jozani, ni kazi ya Mungu, mtaivuta, mtamlipa aishushe. Ikifa wiki moja baada ya yeye kuigusa, ni yeye. Ataambiwa alipe, hana cha kulipa, na jina lake litazungushwa mji mzima na watu wale wale niliokuwa nikiwauliza mie barazani. Ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo.

## Dereva nae alikuwa anajua

Siku moja nikapanda na dereva kwenda Jambiani. Gari nzuri, inabadilisha gia bila kelele, mie nashangaa nakuja kutafuta nini. Tulipofika, kabla ya kuingia kwenye kile kichochoro, akatia R. Ikapita pumzi moja. Ikapita ya pili. Ndo gari ikashtuka ikaanza kurudi.

Nikamuangalia. Akaangalia kioo cha pembeni.

"Inafanya hivi muda?"

"Ikishapata moto tu. Asubuhi haifanyi."

"Mbona hujamwambia ami?"

Akamaliza kwanza kurudisha gari, akatia neutro, akavuta breki ya mkono, akashusha kifungo cha pampu, ndo akanijibu. "Nikisema, si ataniuliza umeifanya nini?"

Basi. Fundi hagusi, dereva hasemi, mwenye gari hajui, na gari inaendelea kwenda kufa huku sote tunaiangalia kwa heshima. Hapana mwizi wala mzembe katika hawa watu watatu. Kila mmoja anajilinda asiwe wa mwisho kuigusa.

Jengine nililoliona siku ile, tulikaa pale muda mrefu injini inanguruma, mana pampu ya maji inazungushwa kwa PTO, kile kifaa cha kuchukulia nguvu kinachotoka kwenye giaboksi yenyewe. Kilomita hazisogei hata moja lakini oili inafanya kazi. Allison wenyewe muda wa kubadilisha oili na filta wanauhesabu kwa vitu vitatu, kilomita, masaa na miezi, kitakachotangulia ndo hicho, na kazi za kusimama-simama kama gari za taka wanaziweka kwenye fungu la kazi ngumu lenye muda mfupi zaidi. Sisi tulikuwa tunaangalia saa ya kilomita tunasema gari bado kijana. Boza halihesabiwi kwa kilomita jamani.

## Oili nyekundu

Kabla ya kumrudia fundi ikabidi nijiridhishe isije ikawa ishapita wakati. Tukatoa kile kijiti cha kupimia, nikapangusa kwenye karatasi nyeupe. Rangi ishaiva, hudhurungi. Nikanusa. Ilikuwa na harufu ya uzee tu, si ile ya kuungua inayokukamata pua. Haikuwa na rangi ya maziwa ya pinki, ambayo hiyo ukiiona simamisha gari hapo hapo, ni maji ya radieta yamepenya kwenye kipozeo na dawa iliyomo kwenye yale maji inakula ngozi za klachi, hapo oili mpya haikusaidii kitu. Kwa hiyo tulikuwa na oili iliyochoka ndani ya giaboksi iliyoanza kulalamika. Nikaona bado kuna la kufanya.

Ikaja tabu ya kuipata oili yenyewe. Madukani ukisema oto unapewa dumu lenye oili nyekundu na imekwisha. Nyingi zimeandikwa Dexron III. Sasa Dexron ni jina la kiwango cha oili cha General Motors, na leseni za Dexron III zilikwisha mwaka 2006 hawakuzifufua, wakawa wameshatoa Dexron VI. Kwa hiyo dumu jipya la leo lililoandikwa Dexron III linasimama kwa maneno ya aliyelitengeneza tu, hapana wa juu yake anayelikagua. Pengine ni zuri. Pengine ni rangi.

(Nimekutana na kitu huko kwenye kusoma wacha nikitie hapa, zile oili za oto za zamani Marekani zilikuwa zinatiwa mafuta ya nyangumi ili klachi zikamate kwa ulaini. Mwaka 1973 wakapitisha sheria ya kulinda viumbe walio hatarini, nyangumi akawa haguswi, ikabidi watafute dawa nyengine. Mie mtoto wa pwani nilikuwa sijui kama nyangumi aliwahi kubadilisha gia.)

Allison ana viwango vyake mwenyewe, vinaitwa TES. TES 295 ni ya sinthetiki na inakaa muda mrefu zaidi, baadae ikaja TES 668 kuchukua nafasi yake, na TES 389 ni ya kawaida ya muda mfupi. Unachotafuta ni hiyo namba kwenye dumu, habari ya rangi achana nayo. Muuzaji mmoja mjini aliniambia "zote hizo ni moja kijana wangu, tofauti bei", nikamshukuru nikatoka. Tukaagiza Dar, ikaja na boti pamoja na filta, na bei yake ami aliposikia alinyamaza kidogo akauliza kama ndani yake mna asali.

## Ami anakaa juu ya tairi

Tukarudi Daraja Bovu asubuhi, gari ishatembea kidogo, mana oili ya vuguvugu ndo inayotoka vizuri na inatoka na takataka zake. Fundi alipotuona na yale madumu akajua. Akaanza kuzungumza habari ya Scania iliyokuwa pale, ina kazi nyingi, pengine wiki ijayo.

Ami hakubishana nae. Akatafuta tairi bovu akakaa juu yake, akaagiza kahawa kwa yule mzee anayepita na birika, akanywa taratibu. Vijana wa gereji wamesimama, kuna mwenye Canter anangoja, kuna muuza kahawa, kuna mie. Ndo akasema, kwa sauti ya mtu anayetaka asikike, "Fundi, mimi ndo ninayekwambia ufungue. Hii gari inachelewa kurudi nyuma ikipata moto, dereva kashasema, kwa hiyo ugonjwa inao kabla ya mkono wako. Ikifa leo usiku, mie ndo niliyeiua. Nyote mmenisikia?"

Muuza kahawa akasema, "Tumekusikia."

Fundi akakaa kimya. Nilikuwa namuangalia uso, na sijui niseme kitu gani kilipita pale, ila alivua saa akaitia mfukoni akamwambia kijana wake alete beseni.

Nimewaza sana baadae kwa nini maneno yale yalitosha. Hayana nguvu ya sheria yoyote. Ila mji huu ni mdogo, na ami kusema vile mbele ya watu kuna uzito kuliko karatasi, mana karatasi inafichwa na watu hawafichwi. Na dereva nae alikuwepo pale, akasikia ugonjwa wake ukitajwa hadharani na hapana aliyemgeukia kumuuliza umeifanya nini. Nilimuona akishusha mabega.

## Chini ya lori

Kazi yenyewe fupi kuliko mabishano yake.

Gari kwenye sakafu iliyo sawa, mawe kwenye tairi, boliti ya kumwagia ikafunguliwa, oili ikashuka kwenye beseni lile safi. Tulisisitiza lile beseni liwe safi kwa sababu tulitaka kuipima. Sampo (lile karai la chini linalokaa oili) ya kawaida ya aina hii inatoa kama lita 10, na giaboksi ikiwa kavu kabisa inameza kama lita 14, kwa hiyo kuna oili ya zamani inabaki ndani ya konveta na kwenye mipira ya kipozeo, haitoki kwa kumwaga. Hili liwe kichwani mwako mana mtu atakwambia "nimebadilisha yote", hajabadilisha yote.

Filta ya hizi Allison ndogo iko nje, inazungushwa inatoka kama filta ya injini, huna haja ya kushusha sampo. Kuna nyengine ndani ya sampo lakini ile ni ya kungoja siku ya kufungua giaboksi nzima. Kwenye ndugu zake wakubwa, 3000 na 4000, filta zinazobadilishwa ni mbili na zinakaa ndani, zimefunikwa na vifuniko kwa chini, kila kimoja na boliti zake, na zile unazifunga kwa spana ya kupimia nguvu si kwa kukisia.

Fundi akaizungusha ikatoka, akampa kijana. Kijana akaenda moja kwa moja kwenye pipa la taka.

"Wee! Rudi!"

Pale shingoni mwa filta panakaa sumaku, kiduara kama pete nene, na inatakiwa utoe kwenye filta ya zamani, uisafishe, uivishe ile mpya. Ukitupa filta na sumaku yake hapana atakayejua, gari itatembea, ila chuma chote kitakachosagika kuanzia siku hiyo hakina pa kushikwa mpaka kifike kwenye filta yenyewe. Fundi hakuwahi kufungua giaboksi hii maishani mwake lakini aliisoma kwa macho tu, kaona kuna kitu kimekaa pale kwa sababu. Hapo nikamwamini kabisa.

Akaipangusa kwa kidole. Ilikuwa imejaa ule uji wa kijivu, laini, ukiusugua baina ya vidole viwili hausikii punje. Huo ni wa kawaida, kila giaboksi inao. Unachokiogopa ni vipande, chembe zinazochoma, au vigae vya rangi ya shaba. Halafu akaipasua filta, akaitandaza ile karatasi ya ndani juu ya ubao juani, mikunjo mikunjo, sote tumeinama kama watu wanaotazama mwezi wa Ramadhani. Unga mweusi, ndio, mwingi. Hapana chuma.

"Bado ina siku," akasema.

Filta mpya akaipaka oili kwenye mpira wake, akaizungusha kwa mkono mpaka mpira ukagusa, akaongeza mzunguko mmoja, basi, hakutia cheni. Boliti ikarudi na mpira wake mpya. Oili tukatia kwa kipimo kile kile kilichotoka, kwa faneli yenye kitambaa. Injini ikawashwa, breki imekanyagwa, D, R, kidogo kidogo, ili oili iingie kwenye njia zake, halafu neutro na kijiti kikatolewa injini ikiwa inanguruma.

Kijiti kina alama mbili, ya baridi na ya moto. Ya baridi ni ya oili iliyo kwenye nyuzi 16 mpaka 49 za joto, na kwetu hapa giaboksi iliyolala usiku asubuhi iko ndani ya hizo muda wote wa mwaka. Ile ni ya kukwambia gari ni salama kuitembeza. Ya kuamini ni ya moto, nyuzi 71 mpaka 93, mana oili ikipata joto inatanuka na ukijaza ikiwa baridi mpaka alama ya moto umeizidisha. Dereva akaenda nayo mpaka Tunguu akarudi, tukapima tena, tukaongeza kidogo.

## Ile iliyotoka

Kijana alikuwa anaivuta ile beseni kwenda nyuma ya ukuta, pale penye ardhi nyeusi panapomwagwa za wote.

Nikamuomba asimwage. Tulitia kwenye madumu yale yale ya oili mpya tukaondoka nayo, na fundi akaniona kama mtu anayebeba taka nyumbani. Lakini nilikuwa nimesimama mbele ya boza la maji bwana, na maji yetu ya kisiwa hiki karibu yote tunayavuta chini ya ardhi, na ardhi yenyewe sehemu nyingi ni jiwe lenye matundu. Tunamwaga hapa, tunachota pale. Mzee mmoja fundi seremala kaichukua yote kwa ajili ya kupaka nguzo zake mchwa wasile, sijui kama hilo nalo ni jibu.

## Ilivyo sasa

Haijafa.

Lile teke dogo la asubuhi ikiingia ya pili, ambalo mie nilikuwa hata silijui mpaka dereva aliponiambia halipo tena, limeondoka taratibu, mana kompyuta ya hizi giaboksi inajirekebisha kadiri unavyoendesha. Kuchelewa kwa R kumepungua lakini kupo. Siku ya jua kali na mchanga, pumzi moja bado inapita. Pengine ni ule mchanganyiko wa oili ya zamani iliyobaki kwenye konveta, pengine ni ngozi za klachi ya kurudi nyuma zimekwisha kweli na siku yake inakuja. Dereva anaisema sasa. Kila akirudi anasema, "leo ilichelewa" au "leo haikuchelewa", na ami anaandika kwenye daftari pamoja na masaa ya pampu, kwa mwandiko ambao yeye peke yake anausoma.

Tumekubaliana kumwaga tena mara nyengine kabla ya msimu wa wageni, ili ile ya zamani iliyobaki izidi kupungua. Filta ipo, oili bado kuagiza. Fundi kashasema atafanya, hakuomba mashahidi safari hii, ila bei ya kazi anaipandisha. Anasema ile ya kwanza aliifanya kwa woga na kazi ya woga alitupunguzia.